Mechi ya chuo haina watu: tafuta chanzo kabla ya kukodi spika

Kamati nyingi za michezo vyuoni zikiona uwanja mtupu hukimbilia kukodi spika na kutafuta MC. Fedha inatoka, muziki unapigwa, na wanaofika ni walewale: wachezaji wa akiba, marafiki zao wa chumba kimoja na watoto wa mtaa wa jirani. Hapo ndipo watu huanza kusema wanafunzi wa siku hizi hawapendi mpira, ilhali usiku wa mechi ya Simba na Yanga hosteli hizohizo hazina pa kukaa.

Mwongozo huu ni wa vyuo vidogo, vyenye wanafunzi kama 300 hadi 1,500: vyuo vya ualimu, afya, kilimo, ufundi, maendeleo ya jamii, hata vyuo vikuu vishiriki visivyo na jukwaa la zege wala fungu la maana la michezo. Mifano ni ya Tanzania. Msomaji wa Kenya au Uganda atabadilisha majina na mambo yatakwenda vilevile.

Kwanza hesabu, na uhesabu zaidi ya mara moja

Idadi moja haikuambii kitu. Hesabu watu dakika ya 1, dakika ya 30, dakika ya 43 na dakika ya 75. Chomeka vijiti au panga mawe yaliyopakwa chokaa kila baada ya mita 10 kando ya uwanja. Hesabu kipande kimoja chenye ujazo wa wastani, kisha zidisha kwa idadi ya vipande vyenye watu. Wahesabu watu wawili, kila mmoja kivyake. Wakipishana sana, warudie. Andika pia wasichana ni wangapi, na wangapi wametoka nje ya chuo.

Ukifanya hivyo mechi mbili au tatu, utaona utupu wa uwanja wenu ni wa aina gani. Wachache kuanzia mwanzo hadi mwisho ni habari moja. Wachache mwanzoni na wengi kuelekea mapumziko ni habari nyingine kabisa. Wengi dakika ya 30 kisha wanapukutika kipindi cha pili, hiyo nayo ina chanzo chake. Dawa ya moja haiponyi nyingine.

Dalili: wachache tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho

Ama hawajui, ama wanajua lakini hawawezi. Kuzitenganisha ni rahisi. Siku moja kabla ya mechi, ingia kantini wakati wa chakula cha mchana, waulize wanafunzi 20 wasio wachezaji: tunacheza na nani, lini, saa ngapi? Wakijibu sawasawa chini ya 10, tatizo ni taarifa. Wakijibu 15 na zaidi, acha matangazo, kaangalie ratiba.

*Kama tatizo ni taarifa.* Tangazo lililorushwa kwenye grupu kubwa la WhatsApp la chuo kizima, lenye meseji mia kadhaa kwa siku, limezama kabla ya jioni. Peleka tangazo kwenye magrupu ya madarasa kupitia kwa CR (kiongozi) wa kila darasa, mara tatu: Jumatatu, siku moja kabla, na siku yenyewe saa 6:00 mchana. CR alitamke pia kwa mdomo kabla ya kipindi kuanza, nusu dakika inatosha. Mtu aliyeambiwa usoni na mwenzake hukumbuka kuliko aliyeona picha.

Tangazo lenyewe liwe na mambo manne tu: nani na nani, siku, saa, mahali. Kosa linalorudiwa sana liko kwenye saa. Kuandika "4:00" peke yake kunawafanya wengine wasome saa nne, na "16:00" inawafanya wengine waanze kupiga hesabu. Andika "saa 10:15 jioni", basi.

Kisha ongeza kitu ambacho kamati nyingi hukisahau, nacho kina nguvu kuliko mapambo yote ya bango: orodha ya kikosi kwa kozi. "Uuguzi mwaka wa pili: wachezaji watano. Maabara: watatu. Famasi: wanne." Katika chuo kidogo, watu wengi huja kumwona mtu wanayemjua, na timu huanza kuwa yao baadaye. Kikosi cha wachezaji 22 kikitoka kwenye kozi sita, una madarasa sita yenye sababu ya kuja. Kikitoka kwenye kozi mbili, madarasa mengine yanaiona ni timu ya wenyewe. Hapo dawa ni ligi ya madarasa mwanzoni mwa muhula. Itaibua vipaji vilivyojificha, na kila darasa litakuwa na mtu wake kikosini.

*Kama tatizo ni ratiba.* Weka kalenda hizi mezani kabla ya kupanga tarehe yoyote.

Kalenda ya taaluma: wiki za majaribio na mitihani zifutwe kabisa. Vyuo vya afya viangalie zamu za wodini, vyuo vya ualimu viangalie wiki za mafunzo kwa vitendo, maana nusu ya chuo huwa haipo. Vipindi vinapoisha saa 10:00, mechi ya saa 10:00 haina watazamaji. Mwandikieni mkuu wa taaluma barua mwanzoni mwa muhula, mkitaja tarehe zote za mechi za nyumbani (kwa kawaida hazizidi tano) na mkiomba vipindi viishe saa 9:30 siku hizo tu. Barua yenye tarehe mahsusi hujibiwa. Ombi la jumla la "kuthamini michezo" huishia kwenye faili.

Kalenda ya jua: dakika 45, mapumziko 15, dakika 45, pamoja na za nyongeza, ni karibu saa moja na dakika 52. Dar es Salaam mwezi Juni jua huzama kama saa 12:15 jioni. Ukianza saa 10:15 unamaliza saa 12:07, mwanga ungalipo. Ukianza 10:30, dakika za mwisho zinachezwa jua likiwa limeshazama na watu wameshaondoka. Kigoma jua huzama karibu dakika 40 baadaye, kwa hiyo wao wana nafasi ya kuanza 10:45.

Kalenda ya mpira wa kwenye televisheni: Jumamosi ni siku mbaya. Mechi ya mapema ya Ligi Kuu ya Uingereza, ile ya saa 6:30 mchana kwao, huku ni saa 8:30 mchana, na zile za kundi kubwa huanza saa 11:00 jioni. Waingereza wakirudisha saa nyuma, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kila kitu kinasogea: saa 9:30 alasiri na saa 12:00 jioni. Huna upenyo kabla wala baada ya mabadiliko hayo. Mechi za Simba na Yanga ziangalieni kwenye ratiba ya Bodi ya Ligi, na muiangalie tena wiki ya mechi, kwa kuwa hubadilika.

Kalenda ya ibada: Jumamosi mnawakosa Wasabato, na kwa vyuo vya Kanda ya Ziwa hao si wachache. Ijumaa jioni wengi wanaelekea makwao. Mwezi wa Ramadhani mechi iishe kabla ya saa 11:30, watu wawahi kuandaa futari, au muutumie mwezi huo kwa mechi fupi za madarasa. Ukipima yote, Jumatano na Alhamisi ndizo siku zinazofaa zaidi, nasi tunazipendekeza bila kusita.

Kalenda ya mvua isisahaulike. Pwani na kaskazini epukeni Aprili. Nyanda za Juu Kusini mechi kubwa ziwe baada ya mvua kukatika, Mei kuendelea.

Dalili: watu wanajazana mapumziko

Mechi zenu huchelewa kuanza, na watu wameshajifunza. Ukitangaza saa 10:00 mara mbili na mpira ukaanza 10:40, mara ya tatu hakuna atakayefika kabla ya 10:40, na huna wa kumlaumu.

Ucheleweshaji karibu wote unatoka sehemu nne. Ya kwanza ni mistari. Uwanja wa mita 100 kwa 64, ukijumlisha mistari ya nje, mstari wa kati, duara, maeneo ya penalti na ya goli, una karibu mita 650 za kuchora. Kazi hiyo ikianza saa 8:00 mchana wa siku ya mechi, mechi imechelewa. Chora jana yake jioni, asubuhi urudie palipofutika, na nyavu ziwe zimefungwa kabla ya saa 6:00 mchana. Ya pili ni jezi kufanana: wapigieni wageni siku mbili kabla mkubaliane rangi, na muwe na vizibao vya mazoezi 14 vya dharura, rangi tofauti na jezi zote. Ya tatu ni waamuzi: wawe uwanjani saa 9:15, na nauli yao isisubiri mechi iishe. Ya nne ni basi la wageni. Barua ya mwaliko iseme wafike saa 9:00, na mtu mmoja awapigie saa 5:00 asubuhi kuuliza kama wameshatoka, asitosheke na "tuko njiani".

Wageni wakichelewa pamoja na hayo yote, tangaza saa mpya ya kweli na uingize mechi ya utangulizi. Watu husamehe kuchelewa walikoambiwa. Kukalishwa juani bila neno hawasamehi.

Dalili: wanakuja, halafu wanapukutika

Hapa kagua uwanja wenyewe kwa miguu yako. Keti mahali wanapoketi watazamaji, saa 10:30 jioni, ukae dakika 20.

Viwanja vingi huelekezwa kaskazini na kusini ili jua lisimpige kipa machoni. Maana yake upande mmoja wa watazamaji unatazama magharibi, na jua la jioni linawaingia usoni mechi nzima. Waliokaa upande wa mashariki wanakunja uso, wanaweka mkono juu ya macho, na baada ya nusu saa wanaondoka bila kujua hasa kilichowachosha. Hamishia kila kitu upande wa magharibi: mabenchi, mahema, MC, wauza maji. Jua linakuwa mgongoni, na miti au hema vilivyo nyuma ya watu vinatupa kivuli kuelekea uwanjani, juu yao. Kama kuna fedha ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, pandeni miti mstari mmoja upande huo, mita nane au kumi kutoka kwenye mstari wa pembeni.

Kuwaweka watu upande mmoja kuna faida nyingine. Watu 120 waliozunguka uwanja mzima wanaonekana watatu watatu, hakuna wimbo unaoshika. Wale 120 wakikaa ndani ya mita 40 kuanzia mstari wa kati, wanaziba nafasi, wanasikiana, na anayepita barabarani anaona kuna jambo. Toeni mabenchi ya madarasani: benchi 20 za watu watano watano ni nafasi 100, na wengine wasimame nyuma. Nyuma kukiwa na mwinuko mdogo wa udongo, hata wa nusu mita, safu ya tatu na ya nne nazo zinaona mpira. Asiyeona hakai.

Maji na choo. Mchuuzi mmoja wa maji, mmoja wa karanga na kashata, mmoja wa miwa au machungwa, wote ndani ya eneo la watazamaji ili mtu asitoke kwenda dukani, maana akitoka harudi. Choo kilicho karibu kiwe wazi, chenye maji, na kibao cha kukielekeza. Mara nyingi kipo kwenye jengo la madarasa ambalo mlinzi hulifunga saa 10:00. Malizaneni naye mapema.

Mapumziko hayazidi dakika 15 kwa sheria, na ndiyo yanayowapoteza wengi. Jaza dakika 12 tu, timu zirudi eneo la kuchezea likiwa wazi. Shindano la penalti kati ya madarasa mawili, mikwaju mitano kila upande, kipa akiwa mkufunzi wanayemfahamu wote, huchukua kama dakika saba na halina gharama. Kuvuta kamba nako kunafaa. Kama mna zawadi ya kutoa kwa namba za vitambulisho, itoeni dakika ya 70, mpira ukitoka nje au mchezaji akitibiwa, na mwenye namba awe uwanjani. Msiuze tiketi za bahati nasibu: hiyo ni michezo ya kubahatisha na inataka kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Sasa ndipo spika ina kazi. Ielekee kwa watazamaji, isielekee madarasani wala hospitalini. MC ataje mfungaji na kozi yake, ataje anayeingia na anayetoka, na mpira ukiwa mchezoni anyamaze. MC anayeongea dakika 90 anafukuza watu wazima wote na anaua nyimbo za mashabiki.

Dalili: ni wavulana watupu

Idadi ya wasichana ikiwa chini ya robo ilhali ni nusu ya chuo, tafuta mambo matatu: maneno, njia na saa ya geti.

Maneno ni matusi na kero kutoka kwa vikundi vya wavulana walio nyuma. Wekeni wasimamizi wanne, wawili wa kike, wenye vizibao, na mtu wa kwanza anayetukana aondolewe hapohapo mbele ya wenzake. Onyo la kwenye spika bila hatua linazidisha. Njia ni ile ya kurudi hosteli saa 12:15: kama ina kichaka au haina taa, msichana mwenye akili huondoka dakika ya 60. Mlinzi mmoja asimame njiani hadi wa mwisho apite. Geti la hosteli likifungwa saa 12:00, ombeni kwa maandishi lifungwe saa 1:00 siku za mechi.

Kisha wapeni mchezo wao. Netiboli ina robo nne za dakika 15, kwa hiyo, siku ambayo vipindi vimeisha mapema, ikianza saa 8:30 mchana inaisha kabla ya saa 10:00, na walioijia wanahamia uwanja wa pili wakiwa wameshafika. Kama kuna timu ya soka ya wanawake, ndiyo icheze mechi ya utangulizi, kwa mwamuzi na jezi kamili. Ikichezeshwa kama kichekesho, mmewapoteza.

Dalili: watu wengi mechi moja, nyingine zote hakuna

Mnayo derby, yaani mechi ya wapinzani wa jadi, na hiyo ni mali. Inayokosekana ni uzito wa mechi nyingine. Mechi za kirafiki zisizo na kitu cha kugombea hazijazi uwanja popote. Tafuteni vyuo vitatu vya karibu, andikeni ligi ndogo ya nyumbani na ugenini: timu nne, mechi sita kila moja, tatu zikiwa kwenu. Tengenezeni kombe moja la kudumu, la mbao au chuma cha karakana ya chuo, linalokaa kwa mshindi na kuchongwa mwaka wa kila ushindi. Lionyesheni kwenye kabati la utawala, watu walipite kila siku.

Wamarekani wamelifanya hili kwa muda mrefu kwenye mpira wao wa Kimarekani (American football). Wabash na DePauw, vyuo vidogo viwili vya jimbo la Indiana, vinakutana tangu 1890, na tangu 1932 vinagombea kengele ya garimoshi yenye uzito wa karibu kilo 136. Ithaca na Cortland za jimbo la New York hugombea mtungi, na mwaka 2019 mechi yao ilihamishiwa MetLife Stadium ikaingiza watu 45,161. Vyuo vyote vinne viko Daraja la Tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Wachezaji wa kulipwa hawakuwepo. Kilichokuwepo ni mpinzani yuleyule kila mwaka na kitu cha kubeba kurudi nacho nyumbani.

Dalili: majirani hawaji

Mara nyingi chanzo ni geti. Mlinzi anayemuuliza mama wa jirani "unaenda wapi?" amemaliza kazi. Siku ya mechi, geti la upande wa uwanja liwe wazi na kibao kiseme KARIBUNI, MECHI, BURE. Pelekeni taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kijiwe cha bodaboda na sokoni. Alikeni shule ya msingi ya jirani icheze dakika 20 kabla ya mechi: watoto 22 huja na wazazi, kaka na dada, na wengi hubaki.

Kiingilio

Msitoze hadi mwone watu zaidi ya 300 mechi tatu mfululizo. Shilingi 500 ni ndogo, lakini kwa mwanafunzi wa chuo cha kati asiye na boom (fedha ya mkopo wa kujikimu) ni sehemu ya hela ya chakula, na foleni ya getini inawachelewesha hata wenye nayo. Tafuteni fedha kwa wachuuzi: kila mmoja alipie nafasi yake kiasi kidogo kwa lipa namba ya chuo, si mfukoni mwa mtu. Mkianza kutoza, wanafunzi wenye kitambulisho waingie bure.

Fujo na rejesta

Mashabiki wakiusogelea mstari, mshika kibendera anashindwa kukimbia na ugomvi unaanza hapo. Fungeni kamba mita tatu nje ya mstari wa pembeni. Kwa mita 100 mnahitaji nguzo 21, moja kila mita tano. Mashabiki wageni wapeni sehemu yao, mbali na kundi lenu la kushangilia, nao waje na wasimamizi wawili wa kwao.

Vyuo vingine huita rejesta uwanjani. Tunawasihi muache. Wanaitikia majina, wanatoka kwa nyuma, na mechi inaingia kwenye orodha ya adhabu pamoja na usafi wa mazingira. Waliolazimishwa hawashangilii, na mwakani wanawaambia wapya.

Usiku baada ya mechi

Kabla ya saa 2:00 usiku, kwenye magrupu yaleyale ya madarasa, tumeni matokeo, wafungaji na kozi zao, picha tatu ambazo angalau moja ni ya watazamaji, na tarehe ya mechi ijayo. Picha ya watazamaji ndiyo inayosambazwa zaidi kwa kuwa kila mtu anajitafuta. Asiyekuwepo ataona wenzake wa darasa wamekaa kivulini wanacheka, na tarehe iko chini yake.